Laptop ya Kuonea Picha Tu

Jumatano, saa tatu asubuhi, Sajini Apolonia aliwakuta wanawake wawili kwenye benchi la nje ya ofisi ya upelelezi, na katikati yao kitu cha bapa kimefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Wa kwanza alimjua vizuri kuliko alivyotaka kumjua. Alikuwa Nyanjige, mjane wa Bukundi, aliyekuwa akifika hapo kila Jumatano kwa wiki sita na kuondoka na jibu lile lile. Wa pili alikuwa Monika, binti yake, ambaye mimba yake ilikuwa imefika mahali ambapo mtu hakai kabla hajafikiria atainukaje.

"Mwangaluka, mayu," Apolonia alimsalimu mama. Miaka mitatu ya kufanya kazi Bariadi ilikuwa imempa salamu za Kisukuma na maneno mawili matatu ya ziada. Kwao ni Ngara.

"Mwangaluka, mwanangu. Nimeleta," Nyanjige alisema, akiwa bado amekaa. "Ulisema nilete zenyewe. Nimeleta zenyewe."

"Zenyewe zipi, mama?"

"Picha."

Apolonia alikitazama kile kitenge, akakumbuka. Wiki mbili zilizopita mama huyu alimweleza kwamba kuna picha za mahari ya Monika, na yeye Apolonia, akiwa na majalada tisa mezani na kichwa kikimuuma, alimjibu kwamba picha ya karatasi mtu yeyote anaweza kuichezea, mahakama inataka picha yenyewe, ile ya kwenye mashine. Alisema hivyo ili mama aende. Hakutegemea kwamba mtu anayeishi kwa pamba na mahindi ataitafuta mashine.

"Ingieni ndani," alisema.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Usiku wa kuamkia tarehe kumi na mbili Septemba, mzee Januarius wa Ipililo alipigwa rungu kwenye zizi lake, na ng'ombe kumi na mmoja wakaswagwa. Mzee alifariki bila kutaja jina. Ng'ombe kumi hawakuonekana tena. Wa kumi na moja, maksai wa kulimia, mwekundu, mwenye paji jeupe, pembe ya kulia ikiwa imeinamia jicho na sikio la kushoto likiwa limechanjwa mara mbili, alionekana mwezi mmoja baadaye kwenye josho la Bukundi. Aliyekuwa amemshika kamba ni Salu, mtoto wa pekee wa kiume wa Nyanjige. Mtoto wa marehemu alikuwa amezunguka majosho yote ya Meatu akitafuta, na alipomwona maksai wa baba yake alipiga yowe. Kwa kuwa kesi ilikuwa imekanyaga wilaya mbili, jalada liliitwa mkoani, na mkoani likaangukia meza ya Apolonia.

Salu alikuwa mahabusu kwa kosa la mauaji. Kosa hilo halina dhamana, na adhabu yake kila mtu anaijua.

Maneno yake hayakubadilika tangu siku ya kwanza. Maksai ni wa mahari ya dada yake Monika. Aliletwa na shemeji yake, Luhaga, na yeye ndiye aliyempokea kwa sababu baba yao ni marehemu. Luhaga alipoitwa alikubali bila kusitasita: ndiyo, mimi nilimnunua mnadani, nikampeleka ukweni. Lini? Mwezi wa sita. Monika naye akasema mwezi wa sita. Nyanjige, mwezi wa sita. Ikiwa ni kweli, maksai huyo alikuwa Bukundi miezi mitatu kabla mzee Januarius hajapigwa, basi siye aliyeibwa, mtoto wa marehemu amefananisha, na Salu arudi kwa mama yake akalime.

Lakini Afande Maganga, mkuu wake Apolonia, hakuwaamini. Kwake hao walikuwa ndugu wanaoongea kwa mdomo mmoja. Yeye alishikilia kwamba mwezi wa sita aliletwa maksai mwingine mwekundu, wako wengi, na kwamba Salu alimwiba huyu baadaye akamjificha ndani ya sifa za yule. Kilihitajika kitu ambacho si ndugu wa Salu.

Nyanjige alifungua mafundo ya kitenge. Laptop ikatoka, nyeusi, nene, mtumba wa Ulaya uliopita mikono mingi. Vitufe viwili havikuwepo, na kioo kilikuwa na mstari wa kijani kutoka juu hadi chini.

"Haina betri, afande," Monika alisema. "Ukichomoa waya inazima."

"Mmeipata wapi?"

"Kwa Kasmiri, hapo stendi. Yeye ndiye aliyepiga picha."

"Na hela ya kununulia?"

Nyanjige alicheka kidogo, cheko la mtu anayejua kwamba watu wamemwona mjinga. "Niliuza mbuzi watatu. Nyingine Luhaga akaniongezea. Mkwe wangu hana choyo. Kasmiri akasema mama, kwa hela hii utapata ambayo haifanyi lolote. Nikamuuliza, picha inaonyesha? Akasema inaonyesha. Nikamwambia basi, kwani mimi nataka inipikie?"

Apolonia alichomeka waya ukutani. Mashine ilivuma, ikatulia, ikafikiri sana. Hatimaye kioo kikajaa picha moja, na hapakuwa na haja ya kumwonyesha mtu wapi pa kutazama. Nyanjige alikuwa amemwomba Kasmiri aiweke hiyo ndiyo iwe ya kwanza kuonekana. Maksai mwekundu mwenye paji jeupe alisimama ubavu, na kando yake kijana mrefu mwenye shati la bluu ameshika kamba na kutabasamu. Huyo alikuwa Luhaga.

Picha ya namna hiyo haikumshangaza Apolonia. Siku hizi kwa wengi huku ng'ombe wa mahari hapokelewi hivi hivi. Kila mmoja anasimamishwa peke yake, aliyemleta anashika kamba, aliyempokea anasimama karibu, mpiga picha anapiga. Ndoa ikivunjika ng'ombe wanarudi, na hakuna anayetaka siku hiyo kurudishiwa ndama aliyekonda na kuambiwa ndiye aliyemtoa.

Alilifungua jalada, akasoma alama moja moja huku akitazama kioo. Paji. Pembe ya kulia. Sikio la kushoto, alama mbili. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ni yeye," alisema.

"Nilikwambia!" Nyanjige alipiga makofi mara moja. "Si nilikwambia? Monika, si nilimwambia?"

"Mama, subiri. Ni yeye, lakini ni lini?"

"Mwezi wa sita."

"Nataka mashine iniambie."

Monika alijua kidogo kompyuta, alifika kidato cha nne. Alibonyeza hapa na pale hadi maelezo ya picha yakatokea, kisha akampisha Apolonia asome. Picha ilipigwa, kwa mujibu wa maelezo hayo, tarehe mosi Januari mwaka 2007.

Mlango ulifunguliwa, na Afande Maganga akaingia na kikombe chake cha chai. Aliinama kutazama, akatazama na saa iliyokuwa pembeni ya kioo, ambayo ilidai kwamba siku hiyo ilikuwa ya mwaka 2002.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Maksai huyu alitolewa mahari mwaka 2007, na sisi tunamwona leo tukiwa 2002. Kazi nzuri, Sajini."

"Kamera haikuwekwa tarehe, afande."

"Basi haitusaidii. Jalada linakwenda kwa wakili wa serikali Ijumaa, likiwa na picha au bila picha." Aligeuka kuondoka, kisha akairudia laptop kwa macho. "Na hiyo nayo iangalieni. Usije ukaleta mezani kwangu kielelezo ambacho chenyewe ni cha wizi."

Nyanjige alisubiri mlango ufungwe. "Amesema nini?"

"Amesema nikafanye kazi yangu," Apolonia alimjibu. "Kaeni hapa. Msiizime."

Duka la Kasmiri lilikuwa upande wa pili wa stendi, chumba kimoja chenye pazia jekundu nyuma kwa ajili ya picha za pasipoti, na mbele meza ya kioo yenye simu za mtumba, chaja, na laptop nne zilizopangwa kwa uzuri wao. Kasmiri mwenyewe alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Alipoona kitambulisho alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Mimi nilimwambia yule mama ukweli wote. Nilimwambia haina betri, haina sauti, haina intaneti. Risiti ya mzigo wangu ninayo, ilitoka Mwanza na nyingine ishirini." Akaitoa. Namba iliyoandikwa kwenye risiti ililingana na ile ambayo Apolonia alikuwa ameinakili chini ya laptop. Njia hiyo ikafungwa papo hapo.

"Sikuja kwa laptop. Nimekuja kwa picha. Ulipiga lini?"

"Mahari ya Bukundi?" Kasmiri alikuna shingo. "Afande, msimu ule nilipiga mahari kumi na tano, harusi sita, misiba sihesabu. Watu wakishauza pamba wanakumbuka shughuli zao zote kwa pamoja."

"Mwezi wa sita?"

"Inaweza kuwa. Inaweza kuwa wa nane. Nikikutajia tarehe nitakuwa nimekudanganya, na wewe ni polisi."

"Kamera yako inasema Januari 2007."

"Inasema hivyo kila siku. Kamera yangu kila siku ni mwaka mpya." Alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Haina betri ndogo ya ndani. Mteja hajawahi kuniuliza tarehe. Mteja anauliza sura yake imetokaje."

"Una daftari la kazi?"

"Ninaandika wanaodaiwa tu. Hawa walinilipa siku ile ile."

"Memory kadi iko wapi?"

"Ipo kwenye kamera. Lakini za Bukundi nimefuta. Ninazo kadi mbili, afande, na Jumapili nina kipaimara. Nilimwambia mama, leta kitu nikuwekee, mimi nafuta. Ndipo akanunua ile." Aliona uso wa Apolonia. "Kwani kuna shida?"

"Kwa hiyo picha hizo haziko mahali pengine popote duniani."

"Ziko kwa mama," Kasmiri alisema. "Ziko salama. Mama yule analala nayo."

Apolonia alirudi kwa miguu, jua limeshapanda. Alikuwa na picha sitini na tatu za maksai, wakwe na masufuria, na hakuna hata moja yenye siku. Wenye siku walikuwa ndugu, na ndugu hawakuhesabika. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Kama angekuwa mtu wa kubahatisha angeandika mwezi wa sita na kumwachia wakili wa serikali abishane nayo, na huenda Salu angepona. Hakuwa mtu wa kubahatisha, na wakati mwingine alijichukia kwa hilo.

Wanawake walikuwa pale pale. Mtu alikuwa amewaletea chai na chapati, na Nyanjige alikuwa ameifunika laptop kwa kitenge upande wa nyuma, ili vumbi lisiingie.

"Tuzitazame zote," Apolonia alisema. "Moja moja. Usiruke, Monika."

Walizitazama. Ng'ombe mweusi, ng'ombe wa madoa, ndama wawili. Wanawake wakicheza. Mashangazi. Nyama juani. Apolonia hakutazama ng'ombe tena wala nyuso. Alitafuta kalenda ukutani, redio, gazeti lililofungia sukari, chochote. Kwenye picha ya thelathini aliona fulana yenye mwaka kifuani, akaandika, kisha akagundua ni fulana ya uchaguzi wa zamani, akafuta.

Picha ya arobaini na moja ilikuwa ya maksai tena, safari hii kwa mbali kidogo. Luhaga ameshika kamba, Salu amesimama kulia akiwa na fimbo. Nyuma yao uzio wa minyaa, na nyuma ya uzio shamba.

"Simama hapo. Unaweza kukuza?"

Monika alikuza. Mstari wa kijani ulipita katikati ya maksai, lakini shamba lilionekana vizuri. Lilikuwa tupu. Udongo mtupu, na mafungu meusi yamepangwa kwa mistari, moja likitoa moshi mwembamba.

"Mama, hili ni shamba la nini?"

"Langu. La pamba."

"Pamba yenyewe iko wapi?"

Nyanjige alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni ambaye hakulima. "Si tulishavuna. Hayo ni mabua. Tumeng'oa tukachoma. Usipochoma, bwana shamba anakupiga faini, wadudu wanalala humo."

Apolonia aliandika neno moja kwenye karatasi: mabua. Alikuwa ameishi hapa misimu mitatu, na hata mgeni wa Ngara alijua kwamba mwezi wa sita pamba ya Meatu iko shambani, nyeupe, watu wamebeba magunia na kampuni zinagombania kununua. Mabua yanang'olewa mwishoni. Sheria inataka yawe yamechomwa kufikia tarehe kumi na tano Septemba.

Labda mama huyu aliwahi. Labda alivuna mapema akachoma mapema. Apolonia alitaka iwe hivyo, na kwa sababu alitaka, akauliza zaidi.

"Na huyu mwenye kofia, anayeandika pembeni ya uzio, ni ndugu yenu?"

"Huyo?" Nyanjige alifurahi kumwona. "Huyo ndiye bwana shamba mwenyewe, Malimi. Alikuja kukagua kama tumechoma. Nikamwambia leo huondoki, leo tunapokea ng'ombe, kaa ule nyama. Alikula, huyo! Muulize."

Monika aliondoa mkono wake kwenye laptop, akauweka juu ya tumbo.

Namba ya bwana shamba ilipatikana kwa mtendaji wa kata. Apolonia alipiga simu akiwa amesimama, karibu na dirisha, mahali ambapo mtandao ulikuwa unashika.

"Malimi anaongea."

"Bwana shamba, Sajini Apolonia wa upelelezi. Ulikagua shamba la mama Nyanjige wa Bukundi mwaka huu?"

"Nilikagua. Alikuwa amechoma vizuri. Kuna malalamiko?"

"Hapana. Siku gani?"

"Ngoja nichukue daftari." Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Jumatatu, tarehe kumi na sita Septemba. Ndiyo siku ya kwanza ya ukaguzi, mwisho wa kuchoma ulikuwa Jumapili. Nakumbuka hata bila daftari, walikuwa na sherehe ya ng'ombe, wakanilisha."

"Ulifika hapo siku nyingine yoyote?"

"Msimu huu? Siku hiyo moja."

Apolonia alishukuru, akakata. Alikaa chini, akavuta jalada, akafunua maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe wiki sita zilizopita. Mahari ilipokelewa lini? Mwezi wa sita. Mwandiko ulikuwa mzuri na swali lilikuwa bovu.

"Mama, mwezi wa sita kulikuwa na nini?"

"Mahari."

"Niambie kama mtu ambaye hajui. Siku hiyo watu walifanya nini?"

"Wazee walikaa," Nyanjige alisema kwa uvumilivu. "Wa kwetu huku, wa kwa Luhaga kule. Vijiti vikawekwa chini. Kijiti kimoja ng'ombe mmoja. Wakatoa, wakarudisha, wakagombana, hadi vikafika kumi na nne. Salu akavifunga kwa kamba akavichukua. Hapo ng'ombe zimeshakuwa zetu."

"Ng'ombe wenyewe walikuwepo?"

"Wa nini? Vijiti vipo. Ng'ombe ikishahesabiwa ni yako, hata ikilala kwa mtu mwaka mzima. Ukiniuliza nilipokea lini, nitakwambia nilipokea siku ya vijiti. Ndivyo ilivyo."

"Na waliingia zizini kwako lini?"

"Si hiyo siku ya picha."

Hakudanganya hata neno moja. Kwa wiki sita alikuwa akijibu swali sawasawa, na polisi aliyeuliza hakuwa anajua ameuliza nini.

Apolonia alimgeukia Monika. Msichana alikuwa anatazama sakafu.

"Wewe ulijua nilichokuwa nauliza. Umesoma."

"Luhaga alisema tuseme mwezi wa sita," Monika alisema taratibu. "Alisema siyo uongo, ndipo tulipohesabiana. Alisema polisi mkisikia habari za Septemba mtamchanganya Salu na wezi. Nikaona ni kweli."

"Naye mwenyewe aliniambia alimnunua mnadani mwezi huo huo wa sita, akampeleka."

"Ndiyo, afande."

"Mwezi wa sita maksai huyu alikuwa analima kwa mzee Januarius. Aliibwa kuamkia tarehe kumi na mbili Septemba, na mzee akapigwa. Tarehe kumi na sita kamba yake iko mkononi mwa mumeo."

Monika hakuwa anahitaji kuelezwa. Alikuwa ameshafika huko tangu jina la bwana shamba lilipotajwa.

"Alikuwa wapi siku zile?"

"Alisema anakwenda kutafuta ng'ombe wa kumalizia vijiti. Walikuwa wamepungua wawili. Alikaa siku tano. Alirudi na huyu mmoja. Akasema yule mwingine atabaki kuwa deni lake."

Nyanjige alikuwa akigeuza kichwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kiswahili chake kilimtosha sokoni na hospitali, na kilimtosha hapa pia, ila kilifika polepole.

"Kwa hiyo Salu anatoka," alisema.

"Salu alipokea, mama. Picha inamwonyesha anapokea. Nitaandika hivyo, na naamini atatoka. Si leo."

"Na Luhaga?"

Apolonia alikuwa amewaambia watu wengi habari mbaya, na alikuwa na njia yake, ya kusema upesi na kunyamaza. Safari hii hakuweza hata kuanza. Aliwahurumia mno, na huruma hiyo haikuwa na kazi yoyote ya kufanya ndani ya chumba kile.

Nyanjige alisimama. Aliishika laptop kwa mikono miwili, akaitazama ile picha ya mkwe wake anayetabasamu, mkwe asiye na choyo aliyeongezea hela ya kununulia mashine. Kisha akaisukuma mbele ya binti yake.

"Futa," alisema.

"Mayu."

"Kasmiri alituonyesha. Unabonyeza hapa, inakwenda. Futa zote."

"Mama, kaa," Apolonia alisema.

"Mwanangu, wewe ni mwanamke. Angalia tumbo hilo. Mimi nilileta hii kitu kumtoa wangu, sikuileta kumtia wa kwake. Tutatafuta njia nyingine ya Salu. Futa, ng'wanone, mwanangu. Salu ni wangu, mimi ndiye nasema. Futa."

Apolonia angeweza kunyoosha mkono akaifunga ile laptop. Ilikuwa umbali wa kiwiko. Taratibu zilimtaka afanye hivyo, na baadaye alipoandika taarifa yake hakueleza kwa nini hakufanya. Monika alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye kitufe. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaanguka kwenye nafasi za vitufe visivyokuwepo.

"Hakuna njia nyingine ya Salu, mayu," alisema. "Ungekuwa nayo usingeuza mbuzi."

Aliondoa kidole. Aliigeuza laptop, taratibu kwa sababu ya waya, hadi kioo kikamwelekea Sajini.

Nyanjige alikaa chini. Hakulia. Alianza kukikunja kile kitenge, akakikunja kikawa kidogo kabisa, akakikunjua akaanza upya.

Apolonia alitoa fomu ya kupokea kielelezo, akaandika: laptop moja, nyeusi, haina betri, ina picha sitini na tatu. Alimwonyesha mama mahali pa kuweka dole gumba, na mama akaweka, kama alivyokuwa ameweka kila mahali alipoambiwa kwa wiki sita. Monika aliandika jina lake chini kama shahidi, kwa mwandiko wa shule, herufi zote zimesimama vizuri.

"Luhaga yuko wapi sasa hivi?" Apolonia aliuliza. Ilibidi aulize.

"Hapo nje, getini. Ametuleta na pikipiki." Monika alifuta uso kwa kiganja, akainuka kwa kujishika kwenye meza. "Mtamkamata sasa hivi, afande, au mtamwacha kwanza atufikishe nyumbani? Sisi hatuna usafiri mwingine."

Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka getini ilisikika sauti ya kijana akiongea na askari wa zamu, wanacheka juu ya jambo fulani.

"Nitawatafutia gari," Apolonia alisema.